Muhogo usingoje tena miaka kumi

Mkulima wa Mkuranga au Muheza anaweza kulitazama shamba lake la muhogo mwaka mzima na kuridhika. Majani ni ya kijani, mashina yamesimama, palizi imekwenda vizuri. Pengine majani ya chini yana umanjano kidogo kandokando ya mishipa, lakini nani asiyejua kwamba jani la chini huzeeka? Siku ya kung'oa ndipo anapojua. Anaukata muhogo kwa panga na ndani anakuta mabaka ya kahawia, makavu, magumu kama kizibo. Haulikiki wa kuchemsha, hauanikwi ukawa makopa, na mnunuzi aliyekuja na Fuso anaondoka na Fuso tupu. Jasho la mwaka limepotea.

Huo ni ugonjwa wa michirizi kahawia. Ndugu yake, batobato, walau haujifichi: unayakunja na kuyapaka majani rangi mpaka mpita njia anaona. Yote mawili huletwa na virusi, huenezwa na inzi weupe, na husafiri mbali zaidi ndani ya pingili anazopewa mkulima na jirani yake kwa moyo mwema. Hakuna dawa ya kupulizia inayoua virusi ndani ya mmea. Kinga ama imo katika muhogo wenyewe, ama haimo.

Kuitafuta kinga hiyo kwa njia ya zamani, kuiunganisha na mavuno mazuri na ladha inayokubalika, huchukua karibu miaka kumi. Sayansi ya vinasaba imeonyesha namna ya kuipunguza miaka hiyo, nasi tunaiunga mkono bila kigugumizi. Lakini miaka inayookolewa maabara inaendelea kupotea njiani, kati ya kituo cha utafiti na shamba, na anayepaswa kuiokoa huko ni serikali. Kazi hiyo wafadhili hawataimaliza, na hatupaswi kuwangoja.

Tuanze na kazi yenyewe, kwa kuwa wengi wanaoizungumza hawajawahi kuiona. Muhogo si mahindi. Baadhi ya aina hutoa maua machache sana, nyingine hazitoi kabisa, na aina mbili unazotaka kuzioanisha huenda zikachanua kwa nyakati tofauti. Mtafiti anavisha ua la kike kifuko ili nyuki asimtangulie, kisha analichavusha kwa mkono. Tunda likikubali, lina nafasi ya mbegu tatu tu, na mara nyingi hupatikana moja au mbili. Kila mbegu ni mmea wa kipekee, kama watoto wa baba na mama mmoja wasivyofanana. Mbegu hizo huoteshwa, na miche hukuzwa mwaka mmoja. Mmea mmoja hutoa pingili chache, basi mwaka wa pili hupandwa mstari mfupi, wa tatu kiploti, wa nne mashamba mawili matatu, na kuendelea mpaka kwenye majaribio ya kitaifa. Kila mwaka mimea mingi hutupwa. Ule unaobaki mwishoni ndio unaoweza kupewa jina, au kurudishwa kuwa mzazi wa kizazi kinachofuata. Mtafiti akianza akiwa na miaka thelathini, atastaafu akiwa ameona vizazi vitano au sita tu vya kazi yake.

Mwaka 2001 wanasayansi watatu, Theo Meuwissen, Ben Hayes na Mike Goddard, walichapisha wazo ambalo wafugaji wa ng'ombe wa maziwa ndio waliolipokea kwanza kwa wingi. Lina mantiki rahisi. Chukua mimea mia kadhaa iliyokwisha kupimwa shambani: imezaa kilo ngapi, ina unga kiasi gani, imeugua kwa kiwango gani. Soma vinasaba vyake katika maelfu ya sehemu. Ipe kompyuta vyote viwili, ijifunze ni alama zipi za vinasaba zinazofuatana na sifa zipi. Kisha njoo na miche ambayo haijawahi kupimwa. Toboa vipande vidogo vya jani changa, visomwe, na kompyuta itakadiria mche upi una matumaini. Ile bora inaoanishwa mara inapochanua, bila kungoja miaka ya mashamba. Mzunguko wa wazazi uliokuwa ukichukua miaka mitano au zaidi unaweza kushuka hadi miwili.

Kwa muhogo, kazi hiyo ilianza kwa uzito mwaka 2012, katika mradi ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Cornell cha Marekani pamoja na taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, IITA, ya Ibadan, kituo cha Umudike cha Nigeria na kituo cha Namulonge cha Uganda. Tanzania, kupitia taasisi yake ya utafiti wa kilimo, TARI, ilijiunga baadaye, kituo cha Ukiriguru cha Mwanza kikiwa mbele. Mwaka 2020 Nigeria iliidhinisha aina mpya tano, mojawapo ikiitwa Game Changer, iliyotokana na miche ya mwaka 2013. Miaka saba. Si muujiza, na watafiti wenyewe hawadai kuwa ni muujiza, kwa sababu majaribio ya mwisho shambani hayawezi kurukwa. Lakini katika miaka hiyo hiyo vizazi vingine vya wazazi vilikuwa vimekwisha kuoanishwa nyuma yake, vikisubiri zamu.

Msomaji anaweza kudhani hii ni sayansi ya kigeni tunayokaribishwa kuionja. Hapana. Mizizi yake iko Usambara.

Batobato ilielezwa kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kisayansi mwaka 1894, na Mjerumani Otto Warburg, akiandika kuhusu mimea ya Usambara. Kituo cha utafiti cha Amani, kule juu ya Muheza, kilifunguliwa mwaka 1902. Hapo ndipo H. H. Storey alipoeleza michirizi kahawia mwaka 1936, na hapo ndipo yeye na R. F. W. Nichols walipofanya jambo ambalo matunda yake tunayala mpaka leo. Walipoona muhogo wa kawaida hauna kinga ya kutosha, waliuoanisha na jamaa yake wa porini, mti wa mpira wa Ceará uliotoka Brazil. Watu wa Tanga na Unguja wanaujua vizuri mti huo: ndio unaotoa kisamvu cha mpira. Mizizi ya chotara wa kwanza haikuwa chakula cha maana. Wakawarudisha kwa muhogo tena na tena, wakiutafuta ule uliobaki na kinga ya mpira na mzizi wa muhogo. D. L. Jennings akaiendeleza kazi hiyo katika miaka ya 1950 mpaka programu ilipofungwa mwaka 1957.

Ikafungwa. Ila mbegu zilikuwa zimekwisha kusafiri. Nyingine zilipelekwa Ibadan, ambako ulichaguliwa mmea uliopewa namba 58308, na IITA ilipoanza kazi ya muhogo mwanzoni mwa miaka ya 1970 mmea huo ukawa bibi wa ukoo mzima wa aina zenye kinga ya batobato. Na batobato kali ilipoifyeka Uganda kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, watu wakiacha mashamba na njaa ikiingia Teso, ni aina za ukoo huo zilizopelekwa kuokoa hali. Mojawapo ilikuwa TMS 30572, ambayo Waganda waliiita Migyera. Damu ya Amani ilizunguka bara na kurudi karibu na nyumbani.

Safari nyingine haikuwa na ofisi wala barua. Chotara mmoja wa Amani, namba 46106/27, aliingia mashambani Pwani ya Kenya akaitwa Kaleso. Kusini mwa Tanzania wakulima walikuwa na muhogo wao waliouita Namikonga, ambao ulivumilia michirizi kahawia wakati mingine ikioza. Vinasaba vilipokuja kusomwa, Kaleso na Namikonga ilionekana kuwa karibu mmea uleule. Wakulima wa Kusini waliutunza kwa miongo, pingili kwa pingili, mkono kwa mkono, bila hati wala hakimiliki, na leo ni miongoni mwa wazazi wanaotegemewa sana na watafiti wanaotafuta kinga ya ugonjwa huu. Mwaka 2016 usomaji mpana wa vinasaba vya muhogo uliochapishwa kimataifa ulionyesha vipande vya ule mpira bado vimo katika kromosomu ya 1 na ya 4 ya aina nyingi zinazolimwa Afrika. Walichokifanya Storey na Nichols kwa macho na kisu sasa kinaonekana kwa herufi.

Tunaikumbusha historia hii kwa sababu ina somo chungu ndani yake. Aina zilizochaguliwa Nigeria zilichaguliwa mahali ambapo michirizi kahawia haikuwepo. Nani angepima ugonjwa usiokuwepo? Kwa hiyo kinga ya batobato ilishikwa vizuri, ile ya michirizi kahawia ikaachwa ipotee bila mtu kujua. Mwaka 2004 ugonjwa ambao kwa miongo ulikaa maeneo ya chini ya Pwani na kandokando ya Ziwa Nyasa ulionekana Uganda, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,000, ukasambaa kuzunguka Ziwa Victoria. Ukakuta mashamba yaliyojaa aina zile zile zilizosifiwa kwa kuishinda batobato. Zikaoza mizizi.

Hapo ndipo tunapotofautiana na wale wanaosema kwamba kwa kuwa kompyuta sasa inakadiria, kazi ya shamba itapungua. Kompyuta haijui chochote ambacho hakikupimwa. Makadirio yake hutoka kwenye mashamba kama la Chambezi kule Bagamoyo, ambako muhogo hupandwa kwa makusudi penye ugonjwa mwingi ili aina dhaifu ijulikane. Kijana anayekaa juani akikata mzizi mmoja baada ya mwingine kwa panga na kuupa alama, 1 kwa mzima mpaka 5 kwa ulioharibika kabisa, ndiye mwalimu wa kompyuta hiyo. Akichoka akakosea, au akiwa hajalipwa miezi miwili akaandika alama kwa kukisia, kosa lake litarudufiwa kwa mahesabu ya kisasa na kuingia katika kila mche utakaochaguliwa. Mizani mbovu Chambezi ni hasara kubwa kuliko mashine mbovu maabara. Tungependa wanaopanga bajeti ya utafiti walijue hilo: posho ya shamba, mafuta ya gari na mshahara wa kibarua ni sehemu ya sayansi ya vinasaba.

Na kipimwe kile ambacho mlaji anakijali. Huko nyuma vituo vya utafiti vilikuwa vikihesabu tani, na aina ikitoa tani nyingi ilipigiwa makofi. Kisha ilipelekwa kijijini, mama mwenye nyumba akaichemsha, ikakataa kuiva, akaing'oa. Muhogo wa Pwani unaochemshwa na kuliwa na chai una kazi tofauti na ule wa Ukerewe unaovundikwa na kuwa udaga. Bada ya Tanga ina mvuto wake, fufu ya Bukavu wake. Wanawake ndio wanaomenya, wanaoloweka, wanaotwanga na kusonga. Vidole vyao vinajua ulaini wa unga kabla mashine haijawashwa. Sifa hizo nazo zinaweza kupimwa, kuandikwa na kufundishwa kompyuta, mradi waliozijua wameulizwa mwanzoni na si siku ya sherehe ya kuzindua aina mpya.

Kuna sumu pia. Tarime, mwaka 1985, wakati wa njaa, watu walikula muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha na baadhi yao wakapooza miguu kwa ugonjwa wa konzo. Wengi wao walikuwa watoto na wanawake. Sasa inajulikana kwamba sehemu ya kromosomu ya 16 ina mchango mkubwa katika kiwango cha sayanidi kwenye mzizi. Maana yake ni kwamba mche unaweza kuchujwa kwa sumu ukiwa na majani machache tu. Lakini hata hapa watafiti wasikimbilie kuufuta uchungu wote. Mkulima wa kusini anayepakana na ngedere na nguruwe pori ana sababu ya kupanda muhogo mchungu, na anajua kuuloweka. Aulizwe.

Lazima tuseme neno kuhusu GMO, maana kila tunapoandika habari za vinasaba kuna msomaji anayetupigia simu kwa hasira. Hofu yake tunaiheshimu, ila hapa haina mahali. Kusoma vinasaba ni kama kusoma kadi ya kliniki ya mtoto: unajua hali yake, hujambadilisha. Muhogo unaochaguliwa kwa njia hii umezaliwa kwa ua na chavua, kama ule wa Amani, kama ule uliojiotea wenyewe kwenye kichaka nyuma ya nyumba. Hakuna kilichopandikizwa ndani yake maabara. Uhandisi jeni ni njia nyingine. Kenya iliidhinisha mwaka 2021 muhogo uliobadilishwa vinasaba kwa ajili ya michirizi kahawia uendelee na majaribio ya kitaifa, Tanzania imechagua kuwa na tahadhari na mwaka 2018 ilisimamisha majaribio ya mahindi ya aina hiyo Makutupora. Mjadala huo uendelee, una hoja zake nzito pande zote. Tunachokataa ni kuuchanganya na huu, mpaka ofisa wa wilaya anaogopa kusema neno vinasaba mbele ya wakulima, na wakulima wanakosa kueleweshwa jambo ambalo ni lao.

Sasa twende njiani, ambako miaka inapotea.

Punje moja ya mahindi hutoa gunzi lenye punje mia kadhaa, ndani ya miezi michache. Shina moja la muhogo baada ya mwaka hutoa pingili kama kumi. Fanya hesabu. Mche mmoja bora unakuwa pingili kumi, mwaka unaofuata mia moja, kisha elfu moja, kisha elfu kumi. Elfu kumi ndizo zinazotosha hekta moja. Yaani miaka minne imepita na aina mpya imejaza hekta moja tu, iwapo hakuna shina lililoliwa na mbuzi, lililokauka au lililoambukizwa. Pingili zenyewe ni mzigo. Za eka moja ni elfu nne, hazijazi mfuko kama mbegu za mahindi bali pikapu, na zikiachwa juani siku chache zinakauka. Ndiyo sababu makampuni ya mbegu hayana hamu nazo. Mkulima akizinunua mara moja, mwakani atakata za kwake na kumgawia shemeji. Hilo ni jema kwa kijiji, ila halimlipi mfanyabiashara.

Pale ambapo biashara haina hamu, ndipo kodi yetu inapopaswa kuingia. Njia za kuharakisha zipo. Pingili zinaweza kukatwa fupi, za vifundo viwili, zikaoteshwa kitaluni. Miche safi inaweza kukuzwa kwa wingi maabara, kisha ikakomazwa chini ya neti zinazozuia inzi weupe. Tanzania ina wakulima waliofundishwa kuzalisha pingili za biashara chini ya ukaguzi wa taasisi ya kudhibiti ubora wa mbegu, TOSCI, hata kwa daraja la kuazimiwa ubora ambalo mkulima wa kawaida anaweza kulimudu. Kazi hiyo ilianzishwa kwa fedha za miradi, na miradi ina tarehe ya kufa. Mzalishaji wa Kibondo au Sengerema aliyepanda eka mbili za pingili safi anahitaji mnunuzi wa uhakika msimu ukifika. Halmashauri zinazonunua miche ya mikorosho na kahawa kuwagawia wananchi zinaweza kununua pingili zake. Hatuoni kwa nini muhogo uwe mtoto wa kambo.

Ukaguzi nao uwe wa kweli. Ugonjwa huu unajificha, na shamba linaloonekana zuri kwa macho linaweza kuwa limebeba virusi. Mikocheni kuna maabara na wataalamu waliotumia miaka kuchunguza virusi vya muhogo. Kipimo kifanywe kabla pingili hazijapakiwa, kwa kuwa lori moja la pingili chafu kutoka Pwani kwenda Kigoma hueneza ugonjwa kuliko inzi weupe wa misimu mingi. Mkulima naye ana msaidizi mfukoni: programu ya simu iitwayo Nuru, inayozungumza Kiswahili, humwambia kwa kulielekezea jani kamera kama lina dalili. Haioni kilicho ndani ya mzizi, lakini ni mwanzo.

Na fedha? Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilipanda kutoka shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22 hadi bilioni 954 mwaka 2022/23. Tuliipongeza serikali wakati ule na tunaipongeza tena. Lakini uboreshaji wa mbegu za muhogo, kazi isiyopumzika hata msimu mmoja, umeendelea kutegemea sana mikataba ya miaka mitano mitano inayosainiwa nje. Kwa miaka mingi vipande vya majani ya muhogo wetu vimesafirishwa ng'ambo kwenda kusomwa vinasaba. Mwaka 2025 Marekani ililifunga shirika lake la misaada, USAID, na miradi mingi ya vyuo vyake pamoja na watafiti wa Afrika ikasimama ghafla. Mmea haujui kwamba mfadhili ameondoka. Ukikosa kupandwa msimu mmoja, mstari wa wazazi waliochaguliwa kwa miaka unakufa shambani. Amani ilifungwa mwaka 1957 na tukaokolewa na mbegu zilizokuwa zimekwisha kupelekwa kwingine, na wakulima waliokuwa na akili ya kutunza Namikonga. Hatuna haki ya kutegemea bahati hiyo mara ya pili.

Kwa hiyo tunaiomba Wizara jambo la wazi. Iwe na fungu la kudumu la kuboresha mbegu za muhogo, la miaka kumi, lisiloguswa kila waziri anapobadilika, lililipe shamba la Chambezi na la Ukiriguru kabla ya kulipia mashine. Nchi za Afrika Mashariki zisomeshe sampuli zao Nairobi, Mikocheni au Namulonge kwa gharama ya pamoja, na takwimu zigawanwe, kwa sababu virusi vya Busia havina pasipoti. Aina zilizopimwa vizuri upande mmoja wa mpaka zisirudishwe darasa la kwanza upande wa pili. Na benki ya vinasaba iliyoko Arusha iende Newala, Tandahimba, Pangani na Pemba kukusanya mihogo ya wazee kabla haijapotea, ikiandika jina la kijiji kilichoitunza ili sifa na faida yoyote itakayotoka humo ijulikane ni ya nani.

Juni bajeti itasomwa Dodoma. Tutafungua sehemu ya utafiti kwanza, na tutatafuta neno muhogo.